Siku Niliyojichora Nguzo ya Ofisi

Jamani, hili nalisimulia huku nimejiziba uso, maana mpaka leo nikipita sokoni Kayanga hakosekani mtu wa kuniita, "Fundi wa migomba, hujambo?" na mimi nacheka tu, nifanyeje.

Ofisini kwetu (tunakusanya kahawa ya wakulima) meneja wetu, Mama Kokushubila, alituanzishia desturi ambayo sijaiona kwingine: kila Jumatatu mmoja wetu anachora ubaoni kosa lake la wiki iliyopita, kwa kichekesho, halafu sote tunajifunza. Wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe, akajichora kuku anayetetea kabla ya kutaga, kwa kuwa aliwatangazia wakulima kwamba maturubai ya kuanikia yamefika, kumbe hata hayajaagizwa. Bosi gani huyo! Tulicheka mpaka tukazidi kumpenda.

Sasa zamu yangu ikaangukia wiki ileile aliyokuwa anatafutwa msimamizi wa kituo kipya cha Nyakatuntu, nafasi niliyoitamani mpaka naiota, na wajumbe wa wakulima wamealikwa kikaoni, nikajisemea, kosa la nini leo, ngoja nichore sifa. Nikachora mgomba umeelemewa na mkungu, hiyo ndiyo ofisi, na mti mmoja wenye panda umeuegemeza, huyo ndiye mimi (hata kofia yangu niliuvisha).

Editha, karani mwenzangu, akauliza taratibu, kwa upole wa kwetu, "Waitu kaka, mkungu unaning'inia huku, mbona mti umeuweka mgongoni mwa mgomba?"

Mzee mmoja wa Nyakatuntu akadakia, "Huyo hauegemezi, anausukuma uanguke!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mimi, mtoto wa Nyakahanga, niliyekulia kibanjani katikati ya migomba! Nikarukia kifutio, Mama akanishika mkono.

"Acha, mwanangu. Hili ndilo kosa lako la wiki, na umelichora vizuri kutushinda sote."

Akachora mti wa pili, safari hii chini ya mkungu, akaandika jina lake mwenyewe juu ya mti huo, kisha chaki ikapita kwa kila mtu aandike lake, ikaishia kwangu. Niliandika jina langu, na sijui kwa nini, aibu ikapungua.

Kituo akapewa Editha, nikampigia makofi ya kweli, naye akaniomba niwe msaidizi wake. Nimekubali, ila nimeapa: sitajiita tena nguzo ya yeyote kabla sijatazama anainamia wapi.