Safari ya Kutafuta Kisanduku cha Ozoni Mukuru

Ijumaa jioni mjukuu wangu Mwende aliingia nyumbani kwangu Shauri Moyo bila kubisha hodi, akaketi juu ya ndoo ya maji bila hata kuvua viatu. Hapo nikajua kuna jambo. Mwende ana jina langu, maana kwetu Ukambani mtoto wa kike hupewa jina la nyanya yake, yaani susu wake, na tangu azaliwe, akiumwa yeye mimi ndiye nisiyelala.

Nikamuuliza, "Umefukuzwa?"

Akasema, "Bado, Susu."

Hiyo "bado" ndiyo iliyonitoa nyumbani, na ndiyo sababu nawaandikia ninyi wenzangu wa nyumbani Kathiani, ili msisikie habari hizi zimepindwa na midomo ya watu.

Kwanza mjue kazi yake, maana hata mimi ilinichukua muda kuielewa. Juu sana, kupita ndege, kuna hewa iitwayo ozoni, inayotukinga na ukali wa jua. Setilaiti huipima ikiwa mbali huko angani, lakini huipima kwa kutazama tu, kama mtu anayekisia chumvi ya mchuzi bila kuuonja. Basi kituo anachofanyia kazi Mwende huachilia baluni kubwa lililobeba kisanduku chepesi cheupe, kipae kikaionje hewa yenyewe. Ndani mna pampu ndogo, mrija, na vikombe viwili vya maji ya dawa. Hewa ikiingia kwa ule mrija, dawa huihisi ozoni, na redio hutuma habari chini, pamoja na mahali kilipo. Baluni likishapasuka huko juu, kisanduku huanguka popote Mungu apendapo. Kisha hesabu ya kisanduku huwekwa kando ya hesabu ya setilaiti iliyopita siku hiyo hiyo. Zikikubaliana, setilaiti inaaminika. Zikikataana, mmoja wao amesema uongo.

Jumatano zilikataana. Kisanduku alichokiandaa Mwende kilisema ozoni ni kidogo mno kuliko ilivyoona setilaiti. Mkubwa wake, Bwana Wekesa, mtu wa Bungoma asiyependa maneno mengi, alimuuliza kama kuna kilichoharibika kabla baluni halijapaa. Mwende akajibu hakuna. Na mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi.

"Kimeanguka Mukuru kwa Reuben," aliniambia. "Jumatatu gari jeupe la kituo linakwenda kukitafuta. Mimi nataka kukipata kesho."

"Mbona usingoje gari?"

"Nisindikize tu, Susu. Wewe unajua watu."

Hilo ni kweli. Masomo yangu yaliishia darasa la tatu, lakini nimeuza maharagwe Gikomba tangu nywele zikiwa nyeusi, na sijasahau jina la mnunuzi hata mmoja.

Jumamosi, saa moja asubuhi, kabla hatujatoka, nilimpigia simu Nekesa, binti ya marehemu Barasa wa reli. Nekesa alikuwa mteja wangu, sasa anakaa Mukuru na anapika uji wa kuuzia vibarua. Nilitaka atuonyeshe njia. Alinisikiliza, kisha akashusha sauti.

"Mama Kioko, msije. Hicho kitu kiliangukia paa la kanisa siku watu wako kazini. Kina nyaya na betri. Watu wanasema ni bomu. Vijana wamesema atakayekuja kukiulizia ndiye mwenyewe."

"Na kiko wapi?"

"Fundi wa redio anacho. Amekataa kukichoma. Lakini msije leo."

Nikakata simu. Mwende alikuwa ananitazama usoni. Nikamwambia Nekesa anatusalimu sana. Mungu anisamehe.

Saa mbili tulikuwa Barabara ya Lusaka. Sisi watu wa Shauri Moyo tumezoea kutembea, lakini siku hiyo miguu ilikuwa mizito kama ya kuazima. Kwenye mageti ya viwanda vibarua walikuwa wamejipanga wakingoja kuitwa. Kila gari jeupe likipita, Mwende aligeuza uso ukutani. Nilidhani anaogopa wezi wa simu. Nikamwambia aiweke ndani ya blauzi kama sisi. Hakucheka.

"Susu," akasema, "ukiwa na kosa moja, moja tu, unaweza kuliondoa kabla halijaonekana?"

"Inategemea liko wapi."

Akatangulia mbele mpaka relini.

Saa tatu na nusu tulivuka reli, na hapo harufu ya mto ikatupokea. Mnaoujua Mto Ngong mnajua ninachosema: maji meusi, povu la viwandani, na nyumba za mabati zimeinama ukingoni kama zinataka kunywa. Nilikumbuka yale ambayo nimeyaona mitaani kwetu, mtu akipigiwa kelele ya mwizi na kabla hajasema jina lake amekwisha. Nikaanza kuyarudia majina kimoyomoyo, ya watu wote ninaowajua Mukuru, kama mtu anayehesabu shanga. Nekesa wa Barasa. Rael mke wa Odongo. Kasyoka aliyeuza kamba. Mutheu wa Nzioka.

Saa nne kamili, penye njia nyembamba inayoingia kanisani, vijana watano walitoka kwenye kibanda cha kuchaji simu wakatuzingira. Mrefu kuliko wote alikuwa ameshika kipande cha bomba.

"Niaje shosho. Mnasaka nini huku?"

"Tunakwenda kwa Nekesa wa uji."

"Na huyu msupa mwenye begi kubwa, begi ni ya uji?"

Wengine wakacheka. Mwende, badala ya kunyamaza, akasema, "Tunatafuta kisanduku cheupe. Ni cha kupima hewa."

Kicheko kikakatika. Yule mrefu akapiga bomba kwenye kiganja chake. "Aah. Kumbe ni nyinyi. Watoi wadogo wamelala nje siku tatu sababu ya hiyo kitu yenu."

Mwingine nyuma yangu akasema, "Si waingie nayo mtoni, waipime huko."

Nilimtazama yule mrefu, sikutazama bomba, nilitazama masikio. Yalikuwa yamesimama wima kama ya sungura, na masikio hayo niliyajua, ni ya Odongo.

Nikasema, "Wewe ni Brian. Mama yako ni Rael. Ulizaliwa Pumwani wiki ya mvua kubwa, na baba yako Odongo alikuja kwangu akaazima kitambaa cha kukufunga, kile cha maua ya njano. Uliitwa Brian Ochieng' kwa sababu jua lilitoka siku hiyo."

Kisha mmoja wa wale vijana akasema taratibu, "Brayo, maua ya njano?"

"Nyamaza," akasema Brian. Lakini bomba lilikuwa limeshuka. "Shosho, wewe ni ule wa maharagwe?"

"Mimi ndiye. Na huyu ni mjukuu wangu. Kama ni bomu, mimi nitakibeba mwenyewe kichwani, nanyi mkae mbali."

Walitufuata nyuma, hatua kama kumi, mpaka kwa fundi. Sikutaka waone ninavyoogopa, kwa hivyo nilijifanya nachagua pa kukanyaga.

Saa nne na nusu tulikuwa kwa Ouma, fundi wa redio, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nekesa alishafika hapo, maana alijua sitamsikiliza, amejifunga leso, ananitazama kwa hasira ya mtu aliyekuogopea. Ouma alikitoa kisanduku chini ya meza. Kilikuwa kama boksi la kubebea samaki wa barafu, kimebonyea pembe moja. Wale vijana wakarudi nyuma hadi ukutani.

"Bomu gani lina pampu ya kunyonya hewa?" Ouma akasema. "Niliwaambia, wakasema nimelewa. Mimi hata bia sinywi, nina vidonda vya tumbo."

"Umekifungua?" Mwende akauliza.

"Nimefungua kifuniko, nikaangalia. Sijatoa kitu. Lakini kuna mtu amefanya kazi safi humo ndani, kazi ya mtaani kabisa."

Mwende alikifungua. Mkono wake haukutafuta, ulikwenda moja kwa moja kwenye mrija mwembamba mweupe unaoingiza hewa. Katikati ya ule mrija palikuwa na kiraka cha mpira mweusi, kama kidole cha mtoto. Akaanza kukivuta.

Nilikijua. Kilikuwa kimpira cha valvu ya baiskeli. Marehemu mume wangu Mutiso alikuwa fundi baiskeli hapo Shauri Moyo, na aliniachia mkebe mzima wa vimpira hivyo. Mimi huviweka katika mikoba ya wajukuu wote, maana kimpira hakikosi kazi: kamba ikikatika, mfereji ukivuja, utakishukuru.

Nikaushika mkono wake. "Unafanya nini?"

Hapo ndipo akaniambia, mbele ya Ouma na Nekesa na wale vijana. Jumatano vipimo vyote vya ndani vilikuwa vimekwisha salama. Walipotoka kwenda uwanjani, upepo ukakiangusha kisanduku na mrija ukapasuka. Alikuwa peke yake nacho, wenzake wakijaza baluni. Setilaiti ilikuwa karibu kupita, na kurudi ndani kubadilisha mrija kungewachelewesha. Akakumbuka kimpira mkobani. Akaunga mrija, akapuliza, haukuvuja, akaliachilia baluni.

"Sasa si vizuri?" Nekesa akasema. "Haukuvuja."

"Ozoni hula mpira, Aunti, na mpira nao huila ozoni. Hewa ikipita humo, ozoni inapungua kabla haijafika kwenye dawa. Nilifundishwa hivyo. Niliona namba zikiwa chini, saa saba mchana, nikajua. Na nikamwambia Bwana Wekesa hakuna kitu."

Ouma alivua miwani. "Basi kitoe. Nina mrija mwembamba hapa, nitauunga, hakuna atakayejua. Utasema pampu imekufa ilipoanguka. Mtoto asipoteze kazi kwa kimpira."

Nawaambia ukweli, nilitaka akitoe. Nilikuwa nimeona mbele yangu mwisho wa mwezi, Mwende akizunguka na bahasha ya kahawia ofisi hadi ofisi. Na kimpira chenyewe ni mimi niliyekitia mkobani. Nilikuwa tayari kufumba macho.

Lakini nikamuuliza swali moja, kwa kuwa nilitaka kujua ninafumbia macho kitu gani. "Ukikitoa, nani ataonekana amesema uongo?"

Akasema, "Setilaiti."

"Na watu wanaoiamini hiyo setilaiti?"

"Watairekebisha, Susu. Watachukua namba zangu na kuisahihisha nazo. Visanduku hivi viko vichache. Kwa huku kwetu wanasikiliza sana chetu."

Nje mtoto alikuwa anapiga mkebe. Mwende alikitazama kile kimpira kwa muda mrefu, kisha akakiacha. Akafunika kisanduku, akakizungushia leso ya Nekesa.

"Watanifukuza," akasema.

"Pengine," nikasema.

Saa sita tuliondoka Mukuru. Brian na wenzake walitusindikiza mpaka relini, mmoja akipiga kelele mbele, "Si bomu, ni ya kupima hewa, shosho ameiva." Nekesa hakuniaga mpaka nilipomwahidi nitampigia nikifika. Njia yote ya kurudi Mwende alibeba kisanduku kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, na mimi niliogopa zaidi kuliko asubuhi, maana asubuhi niliogopa watu nisiowajua, na sasa nilimwogopea mjukuu wangu mwenyewe.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, tulifika kituoni, upande ule mwingine wa jiji. Mwende alinikataza nisiseme kimpira ni changu. "Mkono ni wangu, Susu," aliniambia. Bwana Wekesa alituamkia, akaniletea kiti, akafungua kisanduku. Alipoona kiraka aliketi.

"Ulijua lini?"

"Jumatano, saa saba."

"Na nilipokuuliza?"

"Nilikudanganya."

Bwana Wekesa hakupaza sauti, na hilo lilinitisha kuliko kupigiwa kelele. Alichukua daftari kubwa la baluni, akalifungua ukurasa wa Jumatano, akampa Mwende kalamu. Kwao hawafuti kosa. Anayekosea huchora mstari mmoja juu ya hesabu, mwembamba, ili wanaokuja nyuma waweze bado kuisoma, kisha huandika kando sababu na jina lake. Mwende alichora. Mstari ulinyooka. Akaandika: kiraka cha mpira kwenye mrija wa hewa. Kisha jina lake, ambalo pia ni langu, na nilihisi kana kwamba mimi ndiye ninayetia sahihi.

"Ya mkataba si yangu peke yangu," Bwana Wekesa akasema. "Nitaandika nilichoona. Uongo nitauandika, na kwamba ulikileta mwenyewe nitaandika." Kisha akanigeukia. "Mama, ulikwenda naye Mukuru?"

"Nilikwenda, mwanangu."

"Hukuogopa?"

"Bado naogopa."

Tulirudi Shauri Moyo tukangoja. Mwisho wa mwezi Mwende aliitwa. Wamemwongezea miezi mitatu, si mwaka kama wenzake, na haruhusiwi kuandaa kisanduku bila mtu wa pili kusimama kando na kutia sahihi. Nilimshukuru Mungu nusunusu, nusu nyingine nimemwekea mpaka iishe hiyo miezi mitatu.

Mtaniuliza nimejifunza nini kwenye safari hiyo. Nimejifunza kwamba huku kwetu tunakisifu kitu kikifanya kazi, hatuulizi kama kinasema kweli. Kile kimpira cha Mutiso kilifanya kazi yake vizuri. Hewa haikuvuja hata kidogo.