Fuawe la Mzee Sebastiani

Nyie mliozaliwa juzi mnadhani Katandala ilikuwa ya maduka tu tangu zamani. Thubutu! Palikuwa na karakana ya ushirika, wahunzi kumi na wanne, na nyundo zao zikianza asubuhi hakuna aliyeendelea kulala. Fundi mkuu alikuwa Baltazari. Jembe lake ukiligonga kwa kijiwe linalia, na mtu alipindulia nalo nyasi nzito, akainua ntumba zake, yale matuta ya duara tunamofukia majani yaoze, msimu baada ya msimu.

Kisha soko likafunguliwa. Malori kutoka Tunduma yakaanza kushusha majembe ya nje, mepesi, yamepakwa rangi ya buluu, bei ya bwerere. Watu wakayakimbilia. Mwaka tisini na nne ushirika ukafilisika, akaja bwana mmoja wa mnada kuuza kila kilichomo.

Kazi Baltazari hakuililia sana. Alililia fuawe. Lile bonge la chuma wahunzi walilogongea lilikuwa la baba yake, mzee Sebastiani, aliyelipata misheni baada ya kufanya kazi huko miaka saba. Karakana ilipoanzishwa, kila fundi aliambiwa aandikishe alicholeta. Wenzake wakaandikisha nyundo, koleo, hata ndoo. Baltazari akagoma.

"Fuawe la baba haliandikishwi," alimwambia karani. "Kwani mama yako umemwandikisha wapi?"

Wahunzi wote wakamuunga mkono. Karani naye akaliandika la ushirika, maisha yakaendelea.

Siku ya mnada Baltazari alivaa koti lake la misa, akaenda na mkewe Otilia.

"Mzee wangu," bwana wa mnada akasema, "mali bila daftari hupotea bila habari. Orodha inasema la ushirika."

"Chimbeni chini yake. Fuawe haliwekwi juu ya udongo mtupu. Nilizika hapo jembe la kwanza la baba, lina alama yake, mikato mitatu."

Wakachimba. Jembe likatoka na kutu yake, na mikato mitatu ikaonekana wazi. Wanawake wakapiga vigelegele. Baltazari alicheka kwa furaha.

Bwana yule akaligeuza, akalisugua kwa kidole, akamkabidhi.

"Hili ni lako, mzee, halimo kwenye orodha. Fuawe limo."

Loh! Likapandishwa lorini pamoja na vyuma chakavu, likaenda zake. Baltazari alilia mbele ya watu, mtu mzima, bila kujificha.

"Twende nyumbani, Baba Tadei," Otilia akamwambia.

Wiki nzima alikaa uani, jembe magotini. Alikumbuka harufu ya makaa. Alimkumbuka mhunzi mwenzake Modesti akivuta mivukuto kupuliza moto huku akiwasengenya wakwe zake, na karakana nzima ikivunjika mbavu. Aliikumbuka hata ile chai ya kahawia isiyo na sukari, aliyokuwa akiilalamikia kila siku.

Otilia akachoka. Asubuhi moja akalichukua lile jembe, akalitia mpini, akaenda zake shambani. Ulikuwa msimu wa ntumba, na nyasi zilikuwa zimeshikana kwelikweli. Majembe ya buluu yalipinda moja baada ya jingine, lile lake likizama tu. Jioni akarudi na majembe sita ya majirani, akayabwaga mbele ya mumewe.

"Wanaomba uwanyooshee."

"Nigongee juu ya nini? Juu ya paja langu?"

"Baba mkwe aligongea juu ya nini kabla hajaenda misheni?"

 Jibu Baltazari alilijua tangu utoto, ila alikuwa na hasira nalo. Kesho yake akashuka mtoni na mwanawe Tadei, wakabingirisha jiwe jeusi mpaka uani.

Miezi miwili baadaye akaja Nyanda, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia upande wa Laela, amebeba plau iliyopinda. Kila mwaka aliileta karakanani. Safari hii alikuta pale duka la sabuni, akaelekezwa kwa Baltazari. Alifika amechoka, akatua mzigo, akajiketia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Karakana mmeihamishia wapi?"

Baltazari akalitazama lile jiwe jeusi chini ya mgeni wake.

"Inuka kwanza, baba," akasema. "Umeikalia."