Glasi za Kabatini

Miaka ile nilikuwa nimechoka, sioni haya kusema. Mwalimu wa historia, mtu wa Singida niliyepangiwa kazi Tukuyu nikaolewa Lufingo, huko huko kwa Wanyakyusa: asubuhi kufundisha, jioni tuisheni, maana soko huria lilikuwa limeruhusiwa na kila mtu ajitafutie. Maduka yalijaa. Nikanunua seti ya glasi, nikazipanga kwenye kabati la sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, nikafunga na ufunguo. Za wageni hizo. Wageni wenyewe walikunywa kwenye vikombe vya bati.

Kisha baba mkwe akaletwa kwetu, mgonjwa. Kwa mila ya Kinyakyusa mke wa mtoto haonani na baba mkwe wala hasemi naye. Wengi walishaiacha, yeye hakuiacha. Nilimpikia, nikamfulia, na uso wake siujui. Neno lake lilinifikia kupitia mume wangu. Nilitaka kujua jambo moja tu: mzee huyu ananihesabu mtoto wake, au mtumishi aliyeletwa na Serikali?

Shuleni tukapokea boksi la vitabu vya msaada, hata kimoja hakikuhusu mtihani. Kimoja kilikuwa na picha za vyombo vya kioo vya Wakopti, Wakristo wa kale wa Misri: vikombe, vichupa vya mafuta, taa za kanisani, vingine kijani kama chupa ya bia. Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa. Nikampelekea kwa mkono wa mume wangu.

Akauliza, sasa nani anavinywea? Nikamjibu kwa njia ile ile: hakuna, vimefungiwa makumbusho huko ng'ambo, watu wanavitazama tu. Nikamsikia anacheka upande wa pili wa ukuta. "Kumbe kama vya mwalimu."

Nilikasirika. Halafu nikafungua kabati. Mume wangu akampelekea maji kwenye glasi, akarudi mikono mitupu.

"Anasema uifuate mwenyewe."

Nikasogeza pazia la mlango wa chumba chake. Alikuwa amejifunika blanketi gubigubi, kichwa na uso, ili mimi nipate kuingia. Mkono mmoja tu ulikuwa nje, umeshika glasi tupu.

"Ndaga, mwanangu," akasema. Ndiyo asante ya kwao.

Nikaipokea, nikatoka, nikalia jikoni.

Glasi zile tumezinywea, karibu zote zimevunjika. Uso wake niliuona kwenye msiba wake. Ulikuwa uso wa mume wangu, umezeeka.