Nundu Niliyoipaka Rangi ya Viatu

Tangu niache shule nimefanya kazi nyingi, lakini hakuna iliyoniudhi kama utarishi wa Kakamega, na kisa ni kidole kimoja tu. Karani mkuu alinipa wiki moja ya majaribio. "Wazungu wameondoka, ofisi ni yetu," alisema. "Sitaki kuona akala za matairi hapa."

Nikanunua viatu vyeusi vya mlowezi aliyekuwa akihama Lugari. Vilikuwa vyembamba, nami nina nundu ubavuni mwa kidole gumba cha mguu. Dresa, mfunga vidonda wa hospitali, alinionya: "Huo ni mfupa uliopinda, ndugu yangu. Kiatu chembamba kitauzidisha. Tafuta kipana."

Mimi mjuaji nikatoboa kiatu. Nundu ikatoka nje ikapumua, nikaipaka rangi ya viatu na kuisugua mpaka ikang'aa sawa na ngozi ya kiatu. Kwa siku tatu hakuna aliyegundua.

Siku ya nne tulitarajia mgeni kutoka Nairobi. Karani akatupanga mstari. "Tazameni viatu vya huyu," akawaambia wenzangu. Kisha akaona tone la tope, na lilikuwa palepale kwenye nundu.

"Wacha nipanguse mwenyewe, mzee."

"Simama wima."

Akachuchumaa, akatoa leso, akasugua. Akasita, akapagusa kwa kidole.

"Kijana, mbona kiatu chako kina joto?"

Nilibana pumzi nisicheke kwa kutekenywa, lakini kidole changu hakina adabu. Kilicheza, na nundu ikasogea mkononi mwake.