Siku Niliyoingia Kibanda cha Fataki

Nimewahi kuwatoa wanaume watatu mbio kwa maneno mawili. Sikuwa na panga. Sikuwa na nyoka.

Nilisema tu, "Niko mwezini," nikavuka kizingiti.

Anayetaka kunitukana anisubiri nimalize.

Ilikuwa Chanji, Sumbawanga, miaka ya tisini mwanzoni. Biashara imefunguliwa, mitumba imejaa, kila mwenye ndugu Tunduma ana kitu cha kuuza. Mimi nimetoka chuo na stashahada ya ufundi mitambo. Kazi sina, mdomo ninao.

Baba yangu mdogo, Basil, alikuwa mhunzi. Majembe ndiyo yaliyomlisha, ila moyo wake ulikuwa kwenye fataki. Alijifunza kutengeneza roketi alipokuwa Zambia, na tangu arudi, harusi ya ukoo bila roketi ya Basil haikuwa harusi. Ikipaa na kupasuka juu ya mabati, hata padri anasimama kuangalia.

Tatizo lilikuwa moja.

Baruti alikuwa anaishindilia kwa nyundo ya chuma na nondo.

Chuma juu ya chuma, katikati ni baruti, ndani ya kibanda kisicho na dirisha.

"Shikamoo ba'mdogo."

"Marahaba. Ishia hapohapo, Coleta."

Hapohapo, yaani mlangoni. Ukoo wetu ni wa malungu, yale matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, ambayo magofu yake bado yamesimama porini huku Ufipa. Zamani mwanamke hakusogelea tanuri linalowaka. Aliye mwezini ndiyo kabisa! Akikanyaga tu pale, kazi imeharibika, inamwagwa yote, watu wanaanza upya.

Malungu yalizimika zamani. Ba'mdogo akauchukua ule mwiko akauhamishia kwenye fataki. Nyundo ya mababu nayo akaihamishia hukohuko.

Kosa la namna hiyo huwezi kulikuta kwingine. Ni letu wenyewe.

"Ba'mdogo, chuma kinatoa cheche. Tumia nyundo ya mti na kijiti cha shaba."

"Shaba?" Akacheka. "Shaba ni ya bangili. Sisi ni watu wa chuma."

Mshikaji wake Mayunga, Msukuma aliyetoka Mtowisa kuuza ng'ombe akanogewa na fataki, akadakia. "Huyu binti wenu chuo kimemfundisha uoga."

"Kimenifundisha kuhesabu vidole, Mayunga. Vya kwako bado vimetimia, vitunze."



Jumamosi ya wiki ile binti wa ba'mdogo, Faith, alikuwa anaolewa. Baba yake kaahidi roketi kubwa kuliko zote, wakwe wanakuja kutoka Wampembe. Ndoo nzima ya baruti iko kibandani. Pembeni kakaa babu Beda, mdogo wa marehemu babu, analinda mwiko usivunjwe. Kinacholinda ndoo hakuna.

Nilibembeleza. Nilichora mchoro chini kwa kijiti. Babu Beda akaufuta kwa mguu.

Alhamisi mchana nikasimama tena mlangoni. Nyundo ikapanda, ikashuka, ikateleza pembeni ya nondo.

Nikaiona.

Cheche. Ndogo kama jicho la panya. Ikaruka, ikazimikia sakafuni, ndoo iko palepale karibu.

"Ba'mdogo, toka nje! Cheche!"

"Kelele zako hizo."

Nyundo ikapanda tena.

Hapo nikaelewa kwamba fizikia yangu haitamtoa mtu mle ndani. Nikatafuta kitu wanachokiogopa kuliko kufa.

"Niko mwezini!"

Nikaingia mpaka katikati.

Jamani. Babu Beda, ambaye kila siku analalamika magoti, aliruka kama mbuzi. Mayunga, ambaye kwao mwiko huo hata haupo, ndiye aliyetangulia kufika barabarani. Ba'mdogo akatoka ameshika nyundo yake, kanikazia macho.

"Imeharibika," babu Beda akatangaza akiwa mbali. "Imwagwe yote!"

Ikabebwa ndoo. Ikamiminiwa maji mpaka ikawa tope. Ikafukiwa. Mimi nimekunja mikono, nawatazama wakifanya kilekile nilichowabembeleza wiki nzima.

"Umeniaibisha kwa wakwe, Coleta! Jumamosi narusha nini?"

"Nitatengeneza mimi."

"Wewe! Chuma kimekukosea nini? Chuma hakina kosa!"

Akarudi kibandani kuthibitisha. Nilichelewa kumshika mkono. Akainua nyundo, akaigonga nondo kwa nguvu zote juu ya lile jiwe lake la kazi.

Ndoo haikuwepo. Ila nyufa za jiwe zilikuwa na vumbi la baruti.

Fwaaa!

Mwanga mweupe, moshi, kisha ba'mdogo huyo anatoka bila nyusi, mkono umeiva mwekundu. Nikamvuta hadi kwenye pipa la maji, nikauzamisha mkono.

Babu Beda akapata nguvu. "Mmeona? Mmeona mwezi wake huo?"

Nikamgeukia. "Babu, mimi sipo mwezini. Niliongopa."

"Unasema?"

Shangazi Agnesi alikuwa kasimama na mwiko wa ugali mkononi. Akaangua kicheko. "Tunalala chumba kimoja, baba. Siku zake ziliisha kitambo."

Kama mwezi hauhusiki, kimebaki nini cha kulaumu? Macho yote yakaenda kwenye nyundo.

Babu Beda akajaribu tena. "Basi ni kwa sababu tu ni mwanamke..."

"Baba, nyamaza," ba'mdogo akasema, mkono bado uko majini. "Niliyeungua ni mimi. Ile ndoo ingekuwepo, saa hizi mngekuwa mnanikusanya kwenye shuka. Mwacheni binti afanye kazi."

Ijumaa tukahamia uwanda wa wazi, mbali na nyumba. Nyundo ya mti wa mninga, kijiti cha shaba, nguo za pamba, baruti mpya kidogokidogo tu, iliyobaki imefunikwa mbali, maji tayari. Ba'mdogo kafungwa kitambaa, anaelekeza kwa mdomo. Mikono ilikuwa yangu. Babu Beda naye alikuja, akakaa mbali kabisa. Kwa mara ya kwanza alikaa mbali kwa sababu sahihi.

Jumamosi jioni roketi ikapaa juu ya Chanji, ikafunguka nyekundu. Wakwe wakapiga vigelegele. Mshereheshaji akapaza sauti, "Mkono wa fundi Basil huo!"

Babu Beda akanikonyeza ninyamaze. Heshima ya ukoo.

Nikaenda mbele, nikamnyang'anya yule kaka kipaza sauti.

"Roketi hii ni ya Coleta. Tunaendelea."

Nilipogeuka, ba'mdogo alikuwa nyuma yangu, na bandeji yake na uso wake usio na nyusi. "Nilikuwa nakuja kusema mimi," akaninong'oneza.

"Ungechelewa, ba'mdogo."

Mnaonisoma, chukueni hili. Kazi inayomwogopa mwanamke kuliko cheche haijui inachopaswa kukiogopa. Na wewe binti uliyeambiwa uishie mlangoni wakati unaona moto: ingia. Watakusema, najua. Waache wakuseme wakiwa hai.