Mwanzo Aliouficha Bwana Subiri

Jina halisi la kinyozi huyu watu walishalisahau. Walimwita Bwana Subiri. Kiti chake alikigeuza kikipe kioo mgongo. Ukikaa, unatazama mlango na wapita njia, na ukithubutu kupinda shingo uone kichwa kimefikia wapi, anakubonyeza utosi kwa vidole viwili: "Subiri!" Akimaliza anakupangusa shingo, anazungusha kiti, nawe unakutana na mtu mpya. Wateja walinung'unika lakini walirudi. Kwake yeye, kazi iliyofika nusu ilikuwa aibu, na aibu haionyeshwi watu.

Tabia hiyo ndiyo nusura imkoseshe bintiye chuo.

Binti huyo, kifungua mimba wake, alitaka uuguzi tangu akiwa mdogo. Kidato cha kwanza alianguka vibaya. Wastani wake ulikuwa ishirini na mbili, mpaka mama yake akauliza kama hizo ni maksi au ni umri wa mwalimu. Lakini mtoto hakuzira. Mwaka hadi mwaka alipanda, haba na haba, na kidato cha nne akafika sabini na nane. Kilichomtia doa ni mtihani wa kuingia chuoni. Siku ile alitetemeka, akaambulia hamsini na moja, alama za kupita kwa kupenya. Na nafasi zilikuwa chache.

Chuo kilitaka ripoti za miaka yote. Bwana Subiri alijitolea kuzipeleka mwenyewe, na njiani akapitia dukani kwake pa kunyolea. Akaichagua ile ya mwisho, akainyoosha kwa kiganja. Zile nyingine akazisokomeza nyuma ya kioo.

Chuoni, mama wa udahili aliisoma, akavua miwani.

"Baba, shuleni sabini na nane, kwenye mtihani wetu hamsini na moja. Nikitazama hivi, naona mtu anayeshuka. Ripoti nyingine ziko wapi?"

"Za nini tena, mama? Si hiyo ndiyo nzuri?"

"Nzuri, lakini hainiambii mtoto ametoka wapi. Ninao hapa wenye themanini wanaoporomoka tangu kidato cha pili. Kama wako alikuwa anapanda, nionyeshe. Leo ndiyo siku ya mwisho."

Mzee wa watu alitoka pale mbiombio, shati nje. Dukani alimkuta binti anafagia nywele, akapita bila salamu, akakibandua kioo ukutani, ripoti zikaanguka sakafuni.

"Baba! Kumbe ulizificha?"

"Nilikusitiri, mwanangu."

"Ulinisitiri mimi au ulijisitiri wewe? Hiyo ishirini na mbili siionei haya hata kidogo. Ninajua nilivyoipandisha."

Bwana Subiri akaziokota moja moja, akamkabidhi. Wakaondoka pamoja, ripoti zimejaa vumbi la nywele.

Mama wa udahili alizipanga mezani kwa miaka, akapitisha kidole: ishirini na mbili, arobaini, sitini na moja, sabini na nane. Akarudia tena kuanzia mwanzo. Binti alikuwa ameshika ukingo wa kiti.

"Na mtihani wetu je, ulitetemeka?" mama akamuuliza.

"Mtihani haukutetemeka, mama. Ni mimi."

Mama akaangua kicheko. "Basi mtihani wa siku moja haukukujua. Aliyeanguka hivi akainuka hivi, wodini hatanikimbia. Karibu chuoni, binti yangu."

Furaha ilimpanda Bwana Subiri mpaka akamshika mama yule mkono kwa mikono yake yote miwili, akasahau kuuachia. Machozi yalimtoka wazi, wala hakuyafuta.

Siku ya kwenda chuoni ilipokaribia, binti alikuja dukani kupunguza nywele. Baba akamkalisha, akasita kidogo, kisha akageuza kiti kikaelekea kioo. Wateja kwenye benchi wakanyoosha shingo waone. Mashine ikanguruma, na upande mmoja ulipokwisha huku mwingine ukisimama kama kichaka, binti alijitazama, akacheka hadi shuka likamdondoka begani. Benchi zima likacheka naye.

Baba akainua mashine aendelee, amalizie haraka. Binti akamshika mkono.

"Subiri, baba. Niache nitazame kwanza."