Saa Moja Tu Hadi Dar es Salaam

Nikiri leo, maana aliyekuwa akinicheka kwa kulificha jambo hili hayupo tena: ndege ya kwanza ya maisha yangu iliniacha. Nimelikana hilo miaka mingi, mbele ya wasomi wenzangu na hata mume wangu, nikidai nilichelewa kufika chuo kikuu kwa sababu ya homa. Juzi nimepata habari kwamba mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa, mama mkulima wa korosho wa Kitomanga, amefariki na kuzikwa kwao. Homa ile nayo nadhani ipumzike.

Mafuriko ya Rufiji yalikuwa yamekata barabara. Kijiji kikaamua kwamba msichana wake wa kwanza kwenda chuo kikuu atapanda ndege, na mwenyekiti akaenda Lindi mwenyewe kukata tiketi. Karani, kijana aliyejivunia ndege kana kwamba kaiunda yeye, akamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndege ya Dar es Salaam ni saa ngapi?"

"Saa moja tu!"

Karani alikuwa akisifia mwendo: basi hulala njiani, ndege saa moja tu imeshatua. Mwenyekiti akasikia saa moja ya asubuhi. Tiketi akaifunga kwenye pindo la khanga, na mimi, pamoja na Kidato cha Sita changu, sikuomba hata kuiona.

Siku yenyewe nusu ya kijiji ilipanda lori la ushirika hadi uwanja wa Kikwetu, vigelegele njia nzima. Tuliposhuka, ikikaribia saa moja, ndege ilikuwa angani ikielekea kaskazini; kumbe tiketi iliandikwa saa kumi na mbili na nusu. Mlinzi akatazama sanduku langu. "Karibuni," alisema. "Mmewahi ya wiki ijayo."

Nililia. Barua ya chuo ilisema asiyeripoti siku ile nafasi yake atapewa mwingine. Mama mmoja akanong'ona kwamba mtoto huyu hana bahati.

"Bahati gani?" mwenyekiti akafoka. "Masikio yangu ndiyo yaliyokosea. Twendeni posta."

Chuoni nilikuja kuusoma ujamaa katika vitabu vizito, nikauandikia insha ndefu na kuukosoa kwa mbwembwe, na mengi niliyoyakosoa yalistahili. Lakini kila nikitafuta maana ya neno lile, narudi pale posta ya Lindi. Viongozi nimewaona wengi tangu siku hiyo. Waliosema "kosa ni langu" kabla ya kuulizwa, kisha wakaenda kulirekebisha, ni wachache mno. Najivunia kijiji kilichomchagua yule mama, kuliko ninavyojivunia shahada yangu.

Simu ilipounganishwa na ofisi ya chuo, mwenyekiti alipaza sauti kana kwamba maili zote hizo atazimaliza kwa koo lake. Nilisogeza sikio karibu na lake.

"Haloo! Msichana wa Kitomanga ameachwa na ndege. Kosa ni langu. Nafasi yake msimpe mtu!"

"Mama, wewe ni nani wake?" bwana wa chuo akauliza.

"Mwenyekiti wake."

"Nauliza ndugu."

"Ndugu tumejaa hapa mpaka barazani. Nikuitie mmoja mmoja?"

Yule bwana akacheka. "Usiwaite, mama. Aje na ndege ya wiki ijayo. Kitanda chake kipo."